Blanketi la Sungura

Baba,

Mama analala na lile blanketi la sungura. Manyoya yanapukutika, tunayakuta hadi kwenye sufuria ya wali, na ole wake atakayepitisha ufagio karibu na kitanda chake. Nyumba yetu hapa Malvern, huku ughaibuni, imepoa. Watoto wananijibu Kiingereza sasa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukijifanya hukisikii.

Unakumbuka Mzee Daniel, mwenzako wa kiwanda cha mikate, alipokuonyesha picha ya sungura wa kwao kaskazini, mweupe pee juu ya theluji? Ulicheka: "Mla kunde wetu wa Kondoa kafika huku kabla yangu, na kanzu kavaa!" Daniel alitabasamu tu. Akasema miaka ya njaa bibi yake aliwalea kwa nyama ya mnyama huyo, na ngozi zake akawasukia mablanketi. Ulipougua, ukawa unatetemeka hata hita ikiwaka, akakuletea moja. La mwisho lililobaki, Baba. Ulilala chini yake mpaka roho ikatoka.

Tulifunika jeneza lako kwa blanketi hilo. Makaburini nikalitoa kwa mikono yangu, maana unajua mwenyewe, sisi tunazikwa na sanda tu. Daniel akanishika mkono. "Atalala hivyo hivyo? Na baridi hii?" Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sanda, na udongo ulioganda, na moyo unaniuma.

Ndiyo maana kila Ijumaa baada ya swala nilikuja na ufagio kukuondolea theluji, kama tulivyokuwa tukifagia kaburi la babu kule nyumbani. Nilifagia hadi vidole vikafa ganzi.

Ijumaa iliyopita Daniel alinikuta. Akaninyang'anya ufagio, amekasirika kweli. Akaniambia baridi ikizidi, sungura hujibanza chini ya matawi yaliyolemewa na theluji, kwa sababu theluji huzuia upepo na humo ndimo mwenye joto. "Kila wiki unamfunua baba yako!"

Nilikaa pale pale chini nikalia kama mtoto.

Wanasema kesho itaanguka theluji nyingi. Lala salama, Baba. Nitakuja kukuombea dua kama kawaida, lakini ufagio sitakuja nao tena. Acha ikufunike.

Mwanao,
Shabani