Jina la Wimbo wa Hester

Kambi ya Bwawa, Wharnedge
Jumatatu, wiki mbili kabla ya Krismasi

Kwako dada yangu Mercy,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama amepata nafuu ya kifua. Je, maji yameshapanda mpaka kwenye ua, au mwaka huu yametuhurumia? Mimi ni mzima wa kusukuma toroli tu. Mgongo unauma, vidole vimepasuka kwa baridi, na milima ya huku inanibana. Mtu wa nyanda za maji kama mimi hakuumbwa kutazama ukuta wa mawe kutwa.

Uliniuliza kwa nini sikuja wakati wa mavuno. Sababu ni Hester Crookes, yule mchumba niliyekutajia. Mchana anasugua vijiko ving'ae kwenye karakana inayovitengeneza, jioni anapiga kinanda kanisani. Sikukwambia kwamba pia anatunga nyimbo. Hakufundishwa na mtu. Anaandika sauti zote nne mezani, viazi vikiungua jikoni.

Watu wa hapa wana nyimbo zao za Krismasi, nao wanazichunga kama mkulima anavyochunga mbegu. Kijiji cha pili hakipewi hata ubeti. Tangu majani yapukutike, kila Jumapili baada ya ibada wanaume hujaa baa ya kijiji na kuimba mpaka vioo vinatoka jasho. Kila wimbo una jina la mahali, na kiongozi hulitangaza kabla ya kuanza. Wanawake hawaingii mle. Basi Hester anatunga, na wanaoimba ni wengine.

Kiongozi ni Luther Staniforth, mwendesha mikokoteni, mgane, kifua kama pipa. Kila Jumamosi alikuja kwa kina Hester kujifunza wimbo mpya. Mimi nilikaa pembeni na kikombe cha chai kilichopoa, wao wameinamia karatasi moja, vichwa karibu kugusana. Akikosea, Hester anampiga kofi la mkononi, wanacheka. Mimi hajawahi kunipiga kofi la namna ile. Bi Bagshaw, mwenye nyumba ninayopanga, aliniona ninavyovimba akanitania, "We Gideon, mwanamke mtunzi ni kama paka. Ukimkodolea macho, anahama." Nikamwambia paka wangu anahamia kwa mwenye mikokoteni. Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyopita Hester alimaliza wimbo alioufanyia kazi tangu kiangazi. Nikamwuliza ameupa jina gani. Akakataa kunitajia. Luther analijua, mimi mchumba sijui! Akasema kiongozi lazima alijue, na mimi nitalisikia Jumapili kama wenzangu. Nikawaka. Nikamwambia achague, mimi au hizo Jumamosi zake. Hakupandisha sauti. Alisema alikuwa anatunga kabla hajanijua na ataendelea nikiwepo nisiwepo. Kama nataka mke asiye na nyimbo, kwetu bata ni wengi, niende nikaoe mmoja.

Nilifunga mzigo wangu, Mercy. Nilipanga kupanda treni ya leo asubuhi, nije nilale kitanda changu cha zamani. Lakini jana nikasema kwanza niende baa nikalisikie hilo jina, na likiwa la kwao Staniforth nimvunje meno mwenyewe akiwa bado amefumbua kinywa.

Luther akapanda juu ya benchi, akaniona mlangoni, akatabasamu. Kisha akatangaza: "Saltreach!"

Jina la kijiji chetu. Mzee mmoja akauliza huko ni wapi, mbona hakuna mlima wa jina hilo. Luther akajibu, "Ni kwa kina yule kibarua anayeninunia kila Jumamosi. Mpisheni, asije akanimwagia bia!" Wakacheka wote, kisha wakaimba.

Sijui nikuelezeje. Besi ilitandazwa chini, tambarare kama mashamba yetu, na juu yake sauti ya kwanza ikapaa kama mabata bukini wanapoondoka kwenye matete. Mambo haya nilimsimulia Hester mimi, nikidhani hasikilizi. Watu ambao hawajawahi kuona ardhi isiyo na kilima walikuwa wanaiimba ardhi ya kwetu.

Nikatoka nje kumtafuta. Alikuwa amesimama chini ya dirisha, shali kichwani, theluji mabegani. Nikaanza kumshukuru. Akainua mkono ninyamaze. Midomo yake ilikuwa inafuata sauti ya pili, macho hayanioni kabisa. Ubeti wa mwisho ulipokwisha, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba sauti ya tatu waliikimbiza.

Hapo ndipo nilipojua, na wewe peke yako ndiye ninayekwambia. Sikuwa na ugomvi na Luther. Ninauonea wivu wimbo. Kuna mahali Hester anakwenda akisikiliza, na hata mahali hapo pakiitwa kwa jina la kwetu, mimi nabaki nje kwenye theluji. Wivu huo haujaisha, na sidhani utaisha.

Hata hivyo mzigo nimeufungua. Tutafunga ndoa baada ya Pasaka, mwambie Mama. Na Jumamosi nitamfungulia Luther mlango mwenyewe, ila asitegemee nitacheka.

Jambo moja la mwisho. Hester anataka kutunga wimbo mwingine, na anaomba umwandikie jinsi upepo unavyolia kwenye matete kabla ya mvua. Nilimwambia hilo nalijua, nimekulia humo. Akasema nina masikio ya koleo, yamezoea udongo tu, na kwamba atakuamini wewe. Basi mwandikie, dada, tena andika vizuri. Nami nitakuonea wivu na wewe.

Wasalimie wote waliobaki nyumbani, na Mama umshike mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Gideon