Uso Wako Utatundikwa Jumapili

Bwiza, Bujumbura
Februari 2002

Mwanangu Salvator,

Nakusalimu. Natumaini uko mzima, unakula, unalala vizuri. Mi niko mzima, magoti tu yananisumbua wakati huu wa mvua. Mke wako Spès ni mzima pia. Najua hukungoja barua yangu. Tulia, nitafika huko.

Kwanza kazi. Watu wa parokia walinipa vijana waliokimbia vita, wasizurure sokoni. Waliona mablanketi ninayoshona kwa vipande vya vitenge, wakadhani bibi huyu ana akili. Wengi wao nyumba ziliungua, hawana hata picha moja ya mtu wao. Nikawaambia basi tutengeneze wenyewe nyuso za watu hao. Ngozi ni maganda makavu ya mgomba, nywele ni katani yenye masizi, macho ni vifuniko vya bia. Rangi za duka hatuna, na sizitaki. Nawafundisha waanze na kasoro: kovu, jino lililong'oka, sikio kubwa. Ukianza na uzuri unapata uso usio wa mtu. Wakifanya uvivu nawagombeza. Wananiita Jenerali, wanadhani sisikii.

Juzi akaja msichana Sephora, wa Gatumba, anakaa hapa kwa shangazi yake ili asome. Akasema atamtengeneza baba yake wa kambo, aliyemwoa mama yake wakati wa vita. Akakata kipande cha tairi, akaweka nyusi ya kushoto, imekatika katikati. Nikamuuliza kwa ukali nani kamwonyesha uso huo. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe nimesema waanze na kasoro, na kasoro ya baba huyo ndiyo hiyo, aliangukia mafiga ya mama yake akiwa mdogo.

Mafiga hayo ni yangu, Salvator.

Rafiki yako aliyekuja kusema umeuawa njiani, sasa najua nani alimtuma. Tulikulilia bila mwili. Spès alinyoa nywele, na mpaka leo amekataa kuolewa tena. Siku ya kumaliza kilio ni mimi niliyegawa pombe ya ndizi na kuwashukuru watu. Watoto wa jirani zangu waliuawa kweli, hawakuchagua. Wewe ulichagua kufa, tena ukajificha hapo Gatumba, ambapo wauza samaki wanakwenda na kurudi siku moja. Kama ulimchoka mke ungesema. Ningekutukana, yangeisha. Mimi nilikufanya nini?

Sephora hajui kitu. Kazi yake imeshinda za wenzake wote, na Jumapili baada ya misa nyuso zote zitatundikwa kwenye ukumbi wa parokia. Nilishika mkasi, nikauweka chini. Apana, sitaharibu kazi ya mtoto ili nikufiche. Spès atakuwepo, yeye ndiye atawapikia watu chai siku hiyo. Basi njoo kabla, umwambie kwa mdomo wako, asiambiwe na ukuta. Na uje mchana, upite penye maduka, wale walionishika mkono msibani wakuone ukitembea.

Msalimie mama yake Sephora, sina ugomvi naye. Concilie, muuza samaki, ndiye anakuletea barua hii. Usimpe karatasi ya kunijibu. Lete miguu.

Mimi mama yako,
Epiphanie