Kitabu Ulichokiinua

Pasiansi, Mwanza
7 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Wilhelmina,

Marahaba, naijibu shikamoo yako kabla hujaitoa. Natumaini wewe na wajukuu hapo Busisi ni wazima. Mimi moyo umechoka, na daktari hajaribu tena kunidanganya. Akili bado ipo, ndiyo maana naandika leo.

Wiki iliyopita Daktari Awuor alinipima damu na masikio. Aliniandikia kwenye karatasi, maana kupaza sauti kulimchosha, kwamba nina lehemu nyingi, yale mafuta ya kwenye damu. Alieleza kuwa sikio la ndani hulishwa na mishipa myembamba mno, na lehemu ikiiziba, huenda usikivu ukapungua. Hakuapa kwamba ndiyo sababu, kwa kuwa uzee nao umo. Nilicheka, nikakumbuka ulivyonitania kuwa samli ninayomimina kwenye mboga ingetosha kulainisha injini ya meli ya Bukoba.

Wewe hukuhitaji kipimo. Ulijua tangu nilipoacha kuzisikia sauti za juu, nikiwa bado mwalimu wa kwaya. Ulisimama mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Wimbo ulipopanda kupita noti ulishusha kidogo kitabu chako cha nyimbo; wimbo uliposhuka chini ya noti, ulikiinua. Nami niliwakaripia waimbaji kwa kukifuata kitabu chako. Watu wakasema Mwalimu Ndalahwa husikia hata sisimizi akikohoa. Miaka sita, Wilhelmina! Hukumwambia hata mumeo. Sijaona mwimbaji wa kukufikia, wala mtu mwenye staha kama yako.

Sasa niungame. Siku ile nilipokutoa kwenye kwaya mbele ya wote, nikisema sauti yako imechakaa, nilisema uongo. Sauti yako nilikuwa siisikii kabisa. Nilikuogopa, kwa sababu ulijua. Ulifunga kitabu, ukasema asante kaka, ukaenda kukaa na waumini. Kwaya iliharibika mwaka uleule, nami nikawalaumu vijana.

Nimewaandikia wanakwaya haya yote. Barua itasomwa Jumapili ijayo, ningali hai niaibike. Nisamehe ukiweza. Daraja jipya la hapo Busisi limekuondolea kisingizio cha kungoja kivuko: njoo, usimame mahali pako. Nitaketi benchi la mbele. Sitasikia, lakini nitakitazama kitabu.

Wabusu wajukuu kwa niaba yangu, na Mungu akutunze hadi Jumapili na baada yake.

Kaka yako,
Ndalahwa