Njoo Umpokee Beata Mlangoni

Kitai,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.
15 Septemba 2025.

Mpendwa dada Katarina,

Shikamoo. Habari za Tabora, na za nyumbani kwako? Goti limepata nafuu? Na shemeji Baltazar, bado anabishana na dawa za presha? Mimi ni mzima. Kikohozi cha Juni kimeniacha, kahawa imeshavunwa na kuanikwa, na nyumba ipo, kubwa kuliko mahitaji yangu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huulizana habari za mvua, kisha mtandao unakatika nami nashukuru umekatika. Barua hii anakuletea Protasi, mtoto wa Mama Gertruda, anayekuja huko kikazi. Mpe chakula, amekonda.

Beata wetu anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 28. Sasa yuko bweni, atarudi Ijumaa ya tarehe 26. Nimeamua kumfanyia sherehe hapa nyumbani, ya kwanza tangu tumzike mama yake. Ila jambo moja linaninyima raha: akitoka kanisani, nani atampokea mlangoni? Unajua kwetu baba hampokei mtoto.

Mengine niliyapanga mapema, maana nilitaka shughuli isiyoumiza kichwa. Niliandika yote kwenye daftari: mpishi wa kukodi kutoka Mbinga mjini, turubai, viti, sahani, samaki wa Mbamba Bay. Kila nilichokamilisha nilikipiga mstari. Marehemu mke wangu Aurelia angenicheka, maana yeye hakuwahi kuandika hata mboga.

Kisha nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu: “Ndugu zangu, msihangaike na chochote, njooni mle tu.” Wakajibu amina, wote, mmoja baada ya mwingine. Nikajiona mstaarabu.

Usinihukumu haraka. Wakati wa msiba kina mama wa jumuiya walipika hapa siku nane, na kahawa yao ikawaivia na kudondoka shambani. Niliwaona wakirudi makwao wamechoka, nikaona aibu. Nikaapa sitawachosha tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilitaka nipone bila mgeni kugusa chungu.

Dada, nilipona mno. Zimepita siku na siku, hakuna aliyekuja hata kuuliza kuni zitatoka wapi. Enzi za Aurelia, wiki mbili kabla ya shughuli ua ulikuwa umeshajaa wanawake na kelele zao, nami nikikimbilia kwenye migomba nipate utulivu. Sasa utulivu ninao tele. Nasonga ugali, unabaki, nawapa kuku. Juzi nilijikuta namsimulia jogoo mipango ya turubai.

Jumamosi nikamwona Serafina, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya, anapita na ungo wake. Alikuwa anakwenda kwa Azizi mwenye duka, anayeoza binti yake, kuchambua mchele. Kwa Azizi, ambaye hata kanisani hasali naye. Nikamsalimu, nikamuuliza mbona kwangu hawaji. Akasema, “Baba Beata, tulisoma ujumbe wako. Tukasema mwenzetu kajitosheleza.” Akaendelea na safari yake. Niliingia ndani nikakaa kitandani mchana kweupe, nikalia.

Jana baada ya misa nilifanya ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikiomba kuazima ungo. Nyungo ninazo nne, na wao wanajua. Lakini unakumbuka, huku ukiazima ungo wa mtu kwa shughuli, umemwomba na mwenyewe aje. Serafina alicheka mpaka akashika mlango. Alhamisi ya wiki ijayo watakuja wote, na yule mpishi wa mjini nimemwomba radhi asije tena.

Nilipomwomba Serafina ampokee Beata mlangoni, akakataa. Alisema hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi yupo hai.

Basi nimeona kwamba ule ujumbe wa kwenye kundi nilianza kukutumia wewe kabla yao. Kila ulipotaka kuja baada ya msiba nilikuambia usihangaike, safari ni ndefu, mimi niko sawa. Ukanisikiliza, kwa sababu unaniheshimu. Nilikudanganya, dada. Siko sawa. Miaka miwili sasa sijakaa na mtu anayenijua tangu utoto. Hangaika. Panda basi mpaka Songea, halafu la Mbinga, ushuke Kitai. Nitakuwepo kituoni tangu asubuhi. Uje siku chache mapema, uwakute kina mama, wakutume maji na kuni wasikuonee haya.

Nisalimie sana shemeji, mwanao Steven na wajukuu. Mama Gertruda anakusalimu, na Serafina pia, ingawa yeye anasema salamu zake atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde njiani na alitie nguvu goti lako. Usipoweza kuja, usimtume mtu mwingine. Mlango tutauacha wazi, na Beata ataingia peke yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Raimundi