Mafuta ya Nazi kwenye Mkia wa Mheshimiwa

Mama yangu mpendwa,

Nina ujumbe wako nilioukalia. Nilipewa nikufikishie, nami kwa kiburi changu nikaumeza, na moyo wako ukasimama kazini kabla sijautapika. Na kwa kuwa nilikuaibisha mbele za watu, siifungi barua hii katika bahasha. Nitaisoma Jumamosi hii kwenye ibada ya akina mama, nyumbani kwa Mama Furaha kule mtaa wa Minto, mbele ya wale wale walionisikia siku ile.

Unakumbuka Mheshimiwa alivyoingia nyumbani kwetu? Mzee uliyekuwa ukimhudumia hapo Mount Druitt alihamishiwa makao ya wazee, ambako fereti wake, mnyama mdogo wa kufugwa, hakuruhusiwa. Ukarudi na kizimba mkononi, sare ya kazi bado mwilini. "Nimempokea. Mzee alikuwa analia." Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Parramatta, koo limekauka kwa hotuba ya mchana kuhusu kodi za nyumba. Nikakuuliza: je, ni haki watu wakose paa katika jiji hili la ugenini, nasi tumpe chumba mnyama ambaye kwetu angefukuzwa kwa mawe kama nguchiro, mwizi wa kuku? Ulimtazama yule kiumbe mrefu, mwembamba, mwenye barakoa ya manyoya meusi usoni, kisha ukanitazama mimi.

"Haya. Sasa nina waheshimiwa wawili. Mmoja analala mchana kutwa, mwingine anahutubia."

Jina likamganda.

Mwaka wa pili, mkia wake ulianza kunyonyoka. Manyoya yalitoka kwanza kwenye ncha, kisha hadi kiunoni, akabaki na mkia kama wa panya. Mama Furaha alipomwona alicheka hadi akaketi: "Mheshimiwa ameota upara, sasa ni mbunge kamili." Wewe hukucheka. Ulichukua kopo la mafuta ya nazi, ukamweka mapajani, ukaanza kumpaka kwa ncha za vidole, taratibu, ukimnong'oneza kwa lugha ya kwenu ambayo mimi nilikataa kujifunza.

Nilivijua vile vidole. Nilipokuwa msichana, misuko ya kubana iliponing'oa nywele za juu ya paji la uso nikawa navaa kofia ya shule hata darasani, ulinikalisha sakafuni katikati ya magoti yako kila Jumapili baada ya kanisa. Ulifumua kila msuko. Ulipaka mafuta yale yale. "Nywele ni kama mtoto," ulisema. "Ukizivuta zinakimbia. Ziache zipumue, zitarudi." Nazo zilirudi. Basi ulipouona mkia wa Mheshimiwa, ulifanya kile kilichokuwa kimemponya bintiyo.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeketi na simu yangu kwa saa moja, na saa moja ilitosha kunifanya bingwa. Wanawake wa ibada wakiwa wamejaa sebuleni kwetu, chai imekwisha kumiminwa, nilisimama kama ninavyosimama uwanjani chuoni. Nilisema kwamba fereti aliyehasiwa mapema huweza kuugua tezi zilizo juu ya figo, kwamba homoni ndizo zinazomnyonyoa, kwamba hakuna mafuta duniani yanayofika huko. Hapo ningeketi. Sikuketi. Nilisema, "Hivi ndivyo ujinga unavyoua, huku ukijiita upendo."

Wewe ulifunika kopo.

"Nilikuwa natumia ninachokijua," ulisema. Kisha, kama mtu anayekabidhi zamu: "Kesho mpeleke kwa daktari. Usisahau kumwambia kwamba hakojoi vizuri. Tangu juzi anakwenda chooni mara nyingi, anajikaza, yanatoka matone."

Nilimpeleka peke yangu, kwa kuwa ulikuwa kazini. Daktari, mama mwenye mikono mikubwa, alimpapasa tumbo. Kuhusu tezi nilikuwa nimesema kweli. Lakini nilipomweleza habari ya matone, uso wake ulibadilika. Kwa fereti dume, alisema, ugonjwa huo huweza kuvimbisha tezi dume ikabana njia ya mkojo, na mkojo ukizibwa kabisa mnyama hufa haraka. Alimhudumia papo hapo. Kisha akampandikiza kijiti cha dawa chini ya ngozi, mfano wa kile cha uzazi wa mpango.

Nikamwambia habari ya mafuta ya nazi, nikitarajia tucheke pamoja. Hakucheka. Alisema fereti wengine hupoteza manyoya ya mkia kwa majira tu, kisha yakaota yenyewe, ndiyo maana watu wengi husubiri. "Nani aliyeona kwamba hakojoi?" Nikamjibu: mama yangu. "Mwambie mama yako ana jicho. Ndilo lililomwokoa."

Huo ndio ujumbe wako, Mama.

Uliporudi jioni ukauliza, "Amesemaje?" Nikajibu, "Ni tezi, kama nilivyosema." Mimi ninayedai ukweli kwa wakuu wa chuo, mimi ninayepiga meza kuhusu wanawake wanaohudumia wagonjwa wa jiji hili bila kusifiwa na yeyote, nilimnyima sifa mmoja wao, na huyo ndiye aliyenizaa. Uliitikia kwa kichwa, ukaenda kuosha vyombo. Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu kutoka kazini kwako.

Manyoya yalirudi baada ya mazishi, laini na meusi kuliko ya kwanza. Nilimtazama akirukaruka kando kando sebuleni, mkia umetutumka kwa furaha, nikashindwa kumsamehe kwa kupendeza ukiwa hupo kumwona.

Sasa amezeeka. Dawa ya kijiti hufifia, na mwezi uliopita ncha ya mkia ilianza tena kuonyesha ngozi. Safari hii sikuyasoma kwenye simu. Niliona kwa vidole, kwa sababu kila Jumapili namweka mapajani na kufungua kopo lako. Nilimuuliza daktari kama nikome. Akasema tone moja halimponyi wala halimdhuru. Kijiti kipya amekwisha kuwekewa. Mafuta ni ya kumshika, ili mikono yangu imjue kama yako ilivyomjua.

Jumamosi atakuja nami Minto, ndani ya kizimba chake. Mama Furaha ameshaonya kwamba mbunge akila kuku wa wageni atatolewa nje. Nitasoma nikiwa nimesimama, kwa sauti ile ile. Kisha, kwa mara ya kwanza, nitaketi.

Pumzika, Mama. Zamu yako nimeipokea. Leo amekojoa vizuri.

Bintiyo,
yule mheshimiwa mwingine