Jini la Waya wa Kuanikia Nguo

Neema mjukuu wangu, mke mdogo,

Marahaba. Huku kibaruani Mtera mgongo unalalamika. Bibi yako nyumbani hajambo. Unauliza kama upange kile chumba rahisi cha Nzuguni, chini ya nyaya za umeme mkubwa. Kama zinaleta maradhi sijui, sikusoma kiasi hicho.

Ujanani nilipanga chini ya nyaya kama hizo. Mama mwenye nyumba alifunga waya mrefu wa kuanikia nguo, kila akiugusa unamchoma vidole. Tukasema jini, tukaita mganga. Akaukamata kwa mikono miwili, akaruka, kofia kule, yeye huku.

"Jini gani hili? Mwiteni fundi umeme!"

Fundi alitazama juu. "Waya wenu unanasa umeme wa zile nyaya bila kugusana. Siku nyaya hizo zikianguka, mtaungua. Hameni."

Tulihama. Tafuta kwingine, hata penye kunguni. Kunguni unamwona.

Mumeo mzee,
Babu