Swichi Pale Ulipoiacha

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikatulia kidogo, nikisubiri marahaba yako kama mjinga.

Juzi tulimaliza msiba. Alizeti tumeshavuna, na upepo wa hapa kwetu Unyambwa ni ule ule, bado unabamiza mlango wa sebuleni uliosema utautengeneza. Tangu tukuzike hatukuwasha muziki. Ndugu walipokwisha kula na kusali, Baba Mdogo akasema sasa inaruhusiwa, tuweke kwaya. Akawasha amplifaya, kisha akakiinamia kile kisanduku chako cha kuongezea na kupunguzia sauti, akakigeuza huku na huku akitafuta waya wa umeme. "Hiki kimekufa," akatangaza. "Hakina hata taa!" Baba, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Wewe ndiye ungemweleza vizuri. Kwamba ndani mna transfoma tu, uliyoisuka mwenyewe kwa waya mwembamba wa shaba huku mimi nikikushikia roli la waya huo. Haihitaji umeme wa ukutani. Inapokea sauti kutoka kwenye deki ya muziki, na ukizungusha swichi unachagua mizunguko mingi au michache ya waya, sauti inapanda au inashuka kabla ya kufika kwenye amplifaya. Siku ulipoifunga kwenye mbao za mzinga wa nyuki wa zamani, uliishusha sauti mpaka ikawa ndogo kabisa, ukaniambia, "Sikiliza besi. Si bado ipo?" Ilikuwepo. Nilizoea redio ambazo ukipunguza tu, besi inakimbia.

Lakini kuna jambo sikumwambia Baba Mdogo. Swichi ilikuwa bado pale ulipoiacha, chini chini, na mkono wa mwisho kuigusa ulikuwa wako. Hata vumbi nilikuwa nalifuta kwa woga, nisije nikaisogeza. Niliona siku ikizungushwa ndiyo utakuwa umeondoka kweli.

Kwaya ikaanza, kwa sauti yako ile ndogo. Mama, ambaye masikio yake unayajua, alikuwa amekaa kwenye kiti chako.

"Ongeza, mwanangu. Sisikii."

Nikamwambia ni Baba aliyeiweka hapo.

"Najua. Aliiweka hapo ili nikimwita kutoka jikoni anisikie. Sasa nimwite nani? Ongeza."

Nikazungusha. Ta. Ta. Sebule nzima ikajaa kwaya, na Mama akafumba macho akaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu ulipoanza kuugua. Nilitamani uingie na ule mkanda wako wa suruali uliojaa bisibisi, utukemee kwamba tunapiga kelele.

Wageni walipoondoka nikairudisha swichi chini. Nilikuwa naogopa sitapaona tena. Kumbe swichi yako haitelezi kama zile za redio za dukani. Ina vituo vyake, na kila kimoja kinagonga vidoleni. Ta. Ta. Nikafika pale pale. Sikukupoteza, Baba.

Nimekukumbuka jamani. Pumzika. Mlango nitautengeneza mwenyewe, na Mama nitamwongezea sauti kila atakapotaka. Ila kila jioni nitaishusha mpaka kwenye kituo chako, nikae karibu nayo.

Ukiniita, nitasikia.

Binti yako,
Neema